Kabla hujaitoa rangi ndege ya babu

Msomaji mmoja wa Chumbageni, hapa hapa Tanga, ameniandikia hivi:

"Shikamoo fundi. Marehemu babu alikuwa mpakia mizigo kiwanja cha ndege enzi za East African Airways. Ameacha modeli ya plastiki ya ndege ya Dakota aliyoiunganisha na kuipaka rangi mwenyewe. Mabawa yake, ncha hadi ncha, ni kama sentimita 40. Miaka kumi hivi iliyopita mjomba aliipaka yote kijani cha jeshi kwa brashi, mpaka madirishani. Nataka kuondoa rangi yote niipake upya nyeupe na rangi ya fedha kama bibi anavyoikumbuka, iwe tayari kabla ya khitma ya babu, wiki tatu kutoka leo. Fundi wa magari ameniambia nitumie tina na msasa. Nikajaribu kwanza dawa ya kufutia rangi ya kucha kwenye ncha ya mkia. Pakawa panata, na alama ya kidole changu imebaki pale. Nimeshaiharibu? Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu, na Mungu amrehemu babu yako. Hujaiharibu. Mkia utapona, nitakueleza jinsi. Ila usiongeze tone jingine la kitu chochote mpaka umalize kusoma, kwa sababu katika barua yako kuna neno moja lililonishtua kuliko hiyo alama ya kidole. Umesema unataka kuondoa rangi yote.

Hebu tazama ulichonacho mkononi. Juu kuna kijani cha mjomba. Chini ya kijani, kama mjomba hakuipiga msasa kwanza, ipo rangi ya babu, aliyoipaka kwa mkono wake. Wewe unataka kubandua rangi mbili hadi plastiki, halafu upake ya tatu ifanane na ile ya pili. Kazi yangu mimi ni kuandika mabango na majina ya boti, na modeli za ndege ndiyo kazi yangu ya usiku kwa zaidi ya miaka ishirini. Modeli nilizozitoa rangi ni nyingi. Ningekuwa wewe, kitu cha kwanza ningetafuta kujua ni kama kijani kinaweza kutoka peke yake, rangi ya babu ikabaki. Si ndoto. Inategemea tu mjomba alichovya brashi yake kwenye kopo gani.

Kwanza tumalizane na tina. Plastiki ya modeli hizi ni polistirini, damu moja na lile povu jeupe gumu linalofungashiwa televisheni. Tafuta kipande cha povu hilo, kiweke uani juu ya kigae, ukidondoshee tone moja la tina. Hakuna moto wala moshi, lakini povu litajikunja kama limeungua. Shimo litafunguka mbele ya macho yako na chini patabaki ute unaonata. Petroli nayo italila. Dawa yako ya kucha, kama ina asetoni, italila haraka sana. Sasa dondoshea spiriti ya duka la dawa mahali pengine. Itatanda, itakauka, na povu litabaki lilivyokuwa. Fanya jaribio hilo kwa mikono yako mwenyewe, halafu mwite yule fundi wa magari naye alione. Yeye hakukudanganya. Bati la gari haliyeyuki kwa tina, ndiyo maana kwake ni dawa. Kwa ndege yako ni sumu.

Msasa nao una kesi yake. Modeli za miaka ile ribiti zake, yaani vichwa vya misumari inayoshika mabati ya ndege, zimeinuka juu ya plastiki, vidoto vidogo kuliko punje ya chumvi ya unga. Pitisha kidole chako kwenye bawa ukifumba macho, uone kama unazisikia chini ya rangi ya mjomba. Msasa ukipita mara tatu ribiti zimekwenda, na hakuna mtu atakayekurudishia. Tena rangi nyingi za mafuta za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake si la kuvuta puani wala si la kuachia watoto wanaotambaa sakafuni.

Kuhusu mkia, usiuguse. Asetoni imelainisha plastiki, sasa inatoka yenyewe polepole, na plastiki inagumu tena. Ipe wiki mbili. Ikishakuwa ngumu kama zamani, hapo tu, kwenye eneo hilo la ukubwa wa kucha, tumia msasa wa maji namba 800, kisha 1200, ukiwa umeulowesha, mpaka alama ya kidole iishe. Pakibaki na shimo, jaza kwa puti nyembamba. Ncha ya mkia kwa kawaida haina ribiti za kupoteza, kwa hiyo bahati ilikuwa upande wako.

Sasa kijani. Kama mjomba yupo, mpigie simu umuulize. Kwa brashi na kwa miaka hiyo nadhani ni moja kati ya mbili: rangi ya mafuta ya milango na boti, au rangi ya maji ya ukutani. Asipokumbuka, ndege yenyewe itakuambia.

Nenda kwa fundi simu yeyote pale Ngamiani, mwombe akuuzie kidogo alkoholi ya isopropili, ile wanayooshea bodi za simu zilizoingia maji. Ukikosa, spiriti ya hospitali inatosha, ila inafanya kazi polepole zaidi. Kaa penye hewa, mbali na jiko la mkaa na la gesi, maana hiyo kitu inawaka. Chagua mahali pasipoonekana: chini ya bawa, pale linapoungana na kiwiliwili. Eneo liwe la ukubwa wa kucha ya kidole cha mwisho, usizidishe. Lowesha kijiti cha pamba, kilaze juu ya rangi, hesabu dakika moja. Kisha kiviringishe. Usisugue, kiviringishe kama unavyoviringisha chapati bila kuikandamiza.

Tazama pamba. Ikitoka safi, rudia, ipe dakika tatu, halafu tano. Ikitoka na kijani, tazama mahali pale. Rangi ya maji ikinywa alkoholi huvimba, inajikunja kama ngozi ya juu ya maziwa yaliyochemka, na unaweza kuisukuma kwa kijiti cha meno ikaondoka vipande vipande. Chini yake, babu akiwa amependa na Mungu akiwa ameitunza, utaona mng'ao wa fedha.

Sababu ni hii. Babu yako katika miaka ile karibu hakika alitumia rangi ya mafuta, labda ile ya vikopo vidogo vya Humbrol. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo kwenye kamba. Baada ya tina yake kuruka, mafuta yenyewe hushikana na oksijeni ya hewani na kujifunga kama wavu, na kila mwaka wavu unazidi kukaza. Baada ya miaka hamsini alkoholi haina la kuifanya. Rangi ya maji haina wavu wa namna hiyo. Ni chembechembe zilizobanana zikagandana, na alkoholi inajua kuzilegeza. Kwa hiyo dawa ile ile inatoa ya juu na kuiacha ya chini. Nikiona tukio hilo hadi leo mkono wangu husimama wenyewe. Niliwahi kufungua bawa la modeli moja namna hii na chini ya kijivu nikakuta mistari miwili ya kalamu ya risasi, mtu wa kwanza alivyopima mahali pa kuweka mstari wake mwekundu. Ningetumia kitu kikali, mistari ile isingeonwa na mtu tena.

Ikiwa pamba imekuja kijani pamoja na vumbi linalometameta, simama. Rangi ya fedha ni unga wa alumini uliolala ndani ya mafuta, na chembe za juu hutoka kwa msuguano hata kama mafuta yenyewe hayajayeyuka. Punguza mkono. Pamba ilowe, ikae, inyanyuliwe. Kazi yote ifanywe na muda.

Na ukipita dakika kumi bila kijani kutoka, basi mjomba alitumia rangi ya mafuta, na njia yako ni nyingine. Nitaifikia.

Tuseme jaribio limekubali. Usikimbilie kuifunua ndege nzima jioni hiyo hiyo. Subiri giza liingie, zima taa, washa tochi ya simu, uilaze karibu kabisa na kiwiliwili ili mwanga upite juu ya rangi kwa ubavu, kama jua la saa kumi na mbili linavyopita juu ya mchanga wa Raskazone likaonyesha kila wayo. Utaona michirizi ya brashi ya mjomba. Utaona ribiti. Na kama babu alibandika stika za maji, zile zinazoloweshwa ndipo zibandikwe, utaona kingo zake: mstatili mwembamba ulioinuka ubavuni, juu ya madirisha, mkiani, labda juu ya bawa. Weka alama kwenye karatasi kila ulipoziona. Stika hizo zimetengenezwa kwa utando mwembamba sana na alkoholi ni adui yake. Hapo utaenda mwisho kabisa, kwa sekunde chache kila mara, na piga picha kila hatua, kwa sababu hata zikiharibika utakuwa na sura yake na mahali pake.

Herufi za usajili nazitaka kuliko zote. Dakota za East African Airways ziliandikishwa katika nchi tatu. Zamani za ukoloni za Kenya zilianza na VP-K, za Uganda VP-U, za Tanganyika VR-T. Baada ya uhuru, ndani ya miaka ya 1960, zikawa 5Y za Kenya, 5X za Uganda na 5H za kwetu. Shirika lenyewe lilianza 1946 na likafa 1977, na katika muda huo rangi za ndege zake zilibadilika zaidi ya mara moja. Kwa hiyo ukifunua mkia ukakuta V, babu alikuwa anakumbuka ndege ya ujana wake. Ukikuta 5, ni ya baadaye. Herufi tano zile zitakuongoza kwenye picha sahihi ya kufuata, badala ya kupaka kwa kubahatisha.

Kazi yenyewe ifanye vipande vidogo, ukubwa wa stempu. Kata pamba nyembamba, ilowe bila kuchuruzika, ilaze juu ya rangi, ifunike na kipande cha nailoni ili alkoholi isiruke hewani. Dakika tano. Nyanyua, sukuma kijani kwa kijiti cha mshikaki ulichokichonga bapa. Kilichobaki kati ya ribiti kitoe kwa mswaki laini wa mtoto. Futa kwa kitambaa chenye maji, kausha, nenda stempu inayofuata. Bawa moja lilinichukua jioni mbili. Anza na chini ya mabawa na tumbo, ili mkono uwe umeshazoea unapofika ubavuni ambako macho ya watu yataangalia. Nyumba za magurudumu, yaani matundu yaliyo nyuma ya injini, zichungulie kabla ya yote. Wapakaji wengi hawafikishi brashi mle, na huenda rangi ya babu ipo wazi tangu siku zote.

Madirisha ni suala dogo ila la hatari. Yale ni plastiki angavu, na alkoholi nyingi inaweza kuyatia nyufa ndogo kama za sahani ya udongo ya zamani. Tumia kijiti cha pamba kilichokaribia kukauka, na kingine kikavu nyuma yake papo hapo. Ukungu ukibaki, dawa ya meno kidogo kwenye kitambaa cha pamba, zungusha taratibu. Inang'aa.

Sasa tuseme jaribio limekataa, na mjomba alitumia rangi ya mafuta. Hapo nisikufiche: sijui njia ya kutoa mafuta ya juu nikaacha mafuta ya chini. Kitakachokula moja kitakula na nyingine. Utabaki na kazi ya babu ya kuunganisha, bila kazi yake ya kupaka. Bado mimi ningeitoa, kwa sababu rangi nzito ya milango imezika ribiti, na nyeupe juu ya kijani chenye michirizi ya brashi haitapendeza hata ukipaka mara kumi. Ila ndani ya tundu moja la gurudumu ningeacha kidogo bila kugusa, rangi ya babu ibaki mle.

Dawa yake ni kostiki soda, ile wanayotumia akina mama wanaotengeneza sabuni. Na kinachotokea ni sabuni kweli. Rangi hii imetengenezwa kwa mafuta, soda inayakata mafuta na kuyageuza kitu kinachoyeyuka majini. Polistirini haina mafuta hayo, kwa hiyo soda inaiacha. Lakini ngozi yako inayo, na macho yako zaidi. Vaa glavu za mpira ndefu na miwani ya kufunika macho pande zote, usifanye ukiwa na mtoto karibu. Pima maji nusu lita baridi kwenye ndoo ya plastiki, kisha nyunyiza soda gramu 25 ndani ya maji huku ukikoroga kwa mti. Soda ndiyo inayoingia kwenye maji. Ukimimina maji juu ya soda inachemka na kukurukia. Na kamwe usitumie sufuria. Masufuria yetu mengi ni alumini, na soda inaila alumini ikitoa gesi inayowaka. Mchanganyiko utapata joto wenyewe, uache upoe kabisa, maana plastiki ikikutana na maji ya moto inapinda. Ikikurukia machoni, maji yanayotiririka dakika ishirini bila kuacha, kisha hospitali.

Usiizamishe ndege. Hili nalisema kwa uchungu. Miaka mingi iliyopita nilizamisha modeli nzima ya ndege ya Fokker Friendship kwenye beseni la soda, rangi ikatoka vizuri, nikaisuuza, nikaikausha siku tatu, nikaipaka nyeupe safi. Mwezi mmoja baadaye nikaona chozi la kahawia limetoka kwenye dirisha la nne na kushuka ubavuni, rangi imevimba chini yake. Maji ya soda yalikuwa yameingia tumboni kupitia nyufa za madirisha na yakakaa humo. Nilirudia ubavu mzima. Ndege iliyoshaunganishwa ina matundu usiyoyaona.

Badala yake fanya uji. Chukua wanga wa mhogo, unyunyize kidogo kidogo kwenye maji yale ya soda yaliyopoa, ukikoroga. Yatakuwa mazito bila moto, kama uji wa kubandikia karatasi. Upake kwa brashi ya nailoni unene wa sarafu, ukikaa mbali na madirisha kwa upana wa kidole, funika na nailoni. Chungulia kila nusu saa. Rangi changa hulegea haraka. Ya miaka kumi inaweza kutaka masaa, na pengine kurudia mara mbili. Ikilegea, itoe kwa mswaki na maji mengi yenye sabuni, kisha pangusa na maji yenye siki kidogo, kisha maji matupu. Maungio ambayo babu aliyafunga kwa gundi ya modeli yatabaki imara kwa sababu gundi ile iliyeyusha plastiki mbili zikawa moja. Ila kitu kilichorekebishwa baadaye kwa supagluu kinaweza kuachia. Kikiachia, kiweke kwenye bahasha uandike ni cha wapi.

Kupaka upya sitakaa sana, maana ukifika huko umeshavuka mto. Andakoti ya kijivu nyembamba kwanza. Kisha nyeupe ya mgongo, mikono mitatu au minne myepesi, kila mmoja ukauke kabla ya mwingine. Kisha ziba nyeupe, upake rangi ya fedha mabawani na tumboni. Tepu ya karatasi ya dukani ina gundi kali. Ibandike kwanza kwenye kiganja mara mbili tatu ipungue nguvu, ndipo uiweke kwenye ndege. Ukishaibandika, pitisha kwanza ile nyeupe ya chini kwenye ukingo wa tepu. Itaziba vijinafasi vyote, na rangi ya fedha itakayofuata haitapenya. Kama ni ile njia ya kwanza na rangi ya babu imebaki, usiipake yote upya. Gusa tu palipochubuka. Fedha mpya inang'aa kuliko ya zamani, kwa hiyo itie tone dogo la kijivu na chembe ya njano mpaka ilingane, na ujaribu kwenye kijiko cha plastiki kabla ya kugusa bawa.

Hewa yetu ya Tanga ndiyo inayowashinda wengi. Rangi ya kupuliza na vanishi zinapokauka huvuta joto kutoka kwenye uso wa kitu, uso ukipoa unyevu wa hewa unatua juu yake, na asubuhi unakuta ukungu mweupe juu ya rangi uliyoihangaikia. Usipake alfajiri wala baada ya mvua. Mimi napaka kuanzia saa nne asubuhi, umande umeshakauka, na naacha kabla upepo wa baharini haujaanza kusukuma vumbi na chumvi mchana. Sakafu naimwagia maji kwanza. Zamani nilikuwa nafunika kazi na kawa la ukili, mpaka nikakuta unyuzi wa ukili umeganda katikati ya bawa. Siku hizi natumia beseni kubwa la plastiki lililogeuzwa, nimeliinua upande mmoja kwa sarafu mbili ili hewa ipite. Na rangi ya mafuta iache wiki nzima kabla ya kubandika tepu juu yake, hata kama kidole kinakuambia imekauka.

Usimlaumu mjomba. Dakota iliruka mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935, na zilizotengenezwa kwa ajili ya majeshi zilizidi 10,000. Nyingi zilizokuja kubeba abiria baada ya vita zilianza maisha na rangi za jeshi, na mafundi ndio waliozitoa hadi alumini ikang'aa. Na mabawa yake ni karibu mita 29. Gawa kwa 72 unapata sentimita 40 zako, kwa hiyo unajua na kipimo cha stika utakazotafuta: 1/72.

Wiki tatu zinatosha kwa njia ya kwanza, ukiipa saa moja kila jioni. Kwa njia ya pili hazitoshi: soda, kukausha, andakoti, nyeupe, wiki ya kungoja, fedha, wiki nyingine. Usiharakishe ili kuwahi khitma. Ukiona siku zinakimbia, ifikishe pale ilipofika, hata kama bawa moja ni fedha na la pili bado kijani, na uiweke mbele ya bibi. Tena mwende bibi yako kesho, kabla hujanunua hata pamba. Yeye aliiona ikipakwa. Muulize mstari wa ubavuni ulikuwa rangi gani, babu aliandika herufi gani mkiani, na kama mle ndani ya matundu ya magurudumu alipaka nini. Andika anavyosema, halafu ndipo ushike tochi ya simu.